Nanaa inalegea, rozmari haitoi mizizi: kitoe kijiti utazame kitako kwanza

Umekata tawi la nanaa ukalichomeka kwenye glasi ya maji, au rozmari kwenye kopo la mchanga, siku ya pili majani yamelegea. Wengi hapo wanaangalia majani tu, wanasema hii ina kiu, wanaongeza maji, kesho yake imelala zaidi wanaongeza tena, wiki haiishi kijiti kimekufa. Shida ni kwamba majani ya kijiti kisicho na mizizi yanalegea kwa kiu na yanalegea vilevile kwa kuoza, kwa macho huwezi kutofautisha, kwa hiyo kabla hujaongeza maji, hujahamisha, hujatia dawa yoyote, kitoe utazame kitako chake, pale ulipokata.

Kwenye glasi kukitoa ni rahisi. Kwenye mchanga ukivutavuta kila siku unakata vimizizi vichanga vinavyoanza, ndo maana mi nashauri kila kopo lichomekwe vijiti vitano sita, kimoja kiwe cha kuangalizia na vingine uviache vitulie.

Kitako kikiwa kigumu, kijani au cheupe safi, hata kama hamna kitu kimeota, hicho kijiti ni kizima na tatizo liko juu kwenye majani, hewa au jua. Kikiwa kimekauka kahawia, maji hayapandi, kata kidogo kwa kisu kikali urudishe. Kikiwa cheusi, laini, kinateleza ukikishika na kinatoa harufu ya maji ya maua yaliyokaa vesi wiki nzima, hiyo ni kuoza na maji zaidi yatakimaliza. Halafu kuna hali moja watu wanaiogopa bure: kwenye kidonda kunatokea uvimbe mweupe mweupe kama punje za chumvi, wanadhani fangasi, wanaukwangua. Usiukwangue, huo ni mmea unafunga kidonda chake, na kwa rozmari mara nyingi unatangulia kabla ya mizizi. Fangasi ina manyoya, ukipuliza yanatikisika, huu uvimbe ni mgumu na umeshikana na shina.

Hakikisha unachokiotesha kinaota kwa kijiti

Nanaa, mrehani, kivumbasi, rozmari, oregano, thaimu na seji zote ni ukoo mmoja, ukishika shina changa la nanaa kati ya vidole ukalizungusha utahisi lina pembe nne, na mrehani hivyohivyo. Ukoo huu unaota kwa vijiti vizuri sana, tofauti ni muda tu. Nanaa na mrehani kwenye maji wiki moja hadi mbili unaona mizizi, oregano na thaimu wiki mbili mpaka nne, rozmari mwezi na wakati mwingine miwili.

Giligilani, ile Wakenya wanaita dhania, pamoja na parsley na bizari yenye majani kama manyoya (dill), hizo sahau. Shina lake ukilichomeka litakaa kijani siku kadhaa halafu litageuka ute, na hamna kosa ulilofanya, hizo ni za mbegu. Nunua giligilani ya punje dukani kwenye viungo, isiwe imekaangwa, isugue taratibu mpaka punje ipasuke vipande viwili maana kila punje ina mbegu mbili ndani, umwage kwenye udongo, basi.

Kimelegea siku hiyohiyo au kesho yake, na kitako bado kisafi

Hiki kina kiu kweli, lakini kumwagia maji chini hakusaidii kitu kwa sababu hakina mizizi ya kuyanywa. Majani yanapoteza maji kuliko kitako kinavyoweza kufyonza, kwa hiyo dawa ni kupunguza upotevu wa juu.

Anza na majani. Kijiti cha sentimita 8 hadi 12 bakizia majani manne mpaka sita ya juu, yote ya chini toa. Mrehani wenye majani mapana, yale mawili makubwa yakate nusu kwa mkasi, usione huruma. Rozmari na thaimu majani yake membamba hayapotezi maji sana, kwa hizo kwangua tu majani ya nusu ya chini ibaki tupu.

Saa ya kukata nayo inaleta shida nyingi. Ukikata saa nane mchana wa Dar mwezi wa pili, tawi limeshachoka kabla hata hujaligusa. Kata asubuhi mapema umande ukiwepo, na mmea mama umwagiliwe jana yake jioni. Nanaa ya sokoni ile iliyofungwa fungu na imeshinda juu ya gunia, usiikate vijiti ikiwa imelegea, itumbukize fungu zima kwenye ndoo ya maji kivulini kama saa moja mpaka isimame, ndo uchague. Na chagua kwa makini, kwenye vifundo vya nanaa, yaani pale majani yanapotokea shinani, mara nyingine unakuta vichomozi vidogo vyeupe tayari, hizo ni mizizi imeshaanza na hicho kijiti kina nafasi kubwa sana.

Halafu feni. Watu wanaweka glasi mezani sebuleni, feni ya juu inazunguka usiku kucha, au karibu na AC, wanashangaa. Upepo unakausha majani haraka sana, sogeza kwenye kona isiyo na upepo.

Kama bado kinalegea, kifunike. Maelekezo mengi yanasema funika na mfuko wa nailoni, kwetu mifuko hiyo ilishapigwa marufuku, Kenya tangu 2017 na Tanzania 2019, na kusema kweli chupa ni nzuri kuliko mfuko. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata kitako chake, funika juu ya kopo, kizibo utakiacha wazi au utakifunga kulingana na hali: ndani kukiwa na ukungu mzito mpaka matone yanachuruzika fungua, kukiwa kukavu funga. Chupa haigusi majani, na inasimama yenyewe bila vijiti vya kuishikilia.

Ila chupa na jua ni adui. Kijiti kilichofunikwa kikipigwa na jua la saa sita dakika chache tu kinaiva, majani yanakuwa kijani cha kuchemka, yanateleza. Mahali pake ni penye mwanga bila jua la moja kwa moja, chini ya mwembe, barazani, dirisha linalopata jua la asubuhi mapema kisha kivuli. Rozmari, thaimu na oregano hazipendi kufunikwa muda mrefu, siku nne tano za mwanzo zinatosha halafu toa chupa, zikikaa kwenye mvuke wiki mbili zinaanza kuoza juu.

Kitako cheusi na laini

Hapa ndo wengi wanapotezea vijiti vyao, na sababu ni zaidi ya moja kwa hiyo uangalie ipi ni yako.

Kwenye glasi, angalia kama kuna jani limezama. Jani moja tu likiwa chini ya maji linaoza, bakteria wanaongezeka, wanahamia kwenye kidonda. Angalia maji umeyabadilisha lini, kwa joto la pwani siku mbili ndo mwisho, usisubiri yawe na utelezi. Jaza sentimita tatu nne tu, vifundo viwili vikizama inatosha, hamna faida ya kujaza mpaka shingoni. Na sukari usiweke, naona watu wanatia kijiko eti kinapata nguvu, kile ni chakula cha bakteria na kijiti hakinufaiki. Mbolea nayo hivyohivyo, hakuna mizizi ya kuila, yurea inaunguza tu kidonda.

Glasi inayopitisha mwanga inaota ukijani pembeni. Ule ukijani wenyewe hauui kijiti haraka ila unachafua, funga gazeti au foili nje ya glasi, mizizi inapenda giza.

Kisu pia. Mkasi butu wa jikoni haukati, unabana, shina linapondeka na sehemu iliyopondeka ndo inaanza kuwa nyeusi. Tumia wembe au kisu kikali, kioshe na maji ya moto au kifute na spiriti, kata chini kidogo ya kifundo, maana kwenye kifundo ndiko mizizi inatokea kirahisi. Ukibakiza kipande kirefu cha shina tupu chini ya kifundo, kile kipande kinaoza chenyewe na kuoza kunapanda juu.

Kwenye kopo la udongo, sababu kubwa ni udongo wenyewe. Udongo mweusi wa bustani ukiutia kwenye kopo unashikana, maji yanatuama, hewa hamna. Samadi mbichi ndo mbaya zaidi, inaunguza. Kijiti hakihitaji rutuba kabisa mpaka kiwe na mizizi, kinahitaji maji kidogo na hewa nyingi. Mchanganyiko unaofanya kazi ni mchanga wa mto uliooshwa nusu, na nusu ni unga wa makumbi ya nazi au pumba za mpunga zilizochomwa mpaka zikawa nyeusi lakini hazijawa majivu. Ukimimina maji juu yashuke kama sekunde kumi yametokea chini kwenye matundu, yakisimama juu ongeza mchanga.

Mchanga wa ufukweni hapana, hata ukisema umeuosha. Na makumbi uulize yametoka wapi, Zanzibar na sehemu nyingi za pwani makumbi yanafukiwa kwenye matope ya bahari miezi kabla ya kusokotwa kamba, yale yamejaa chumvi, loweka kwenye maji baridi, kamua, mwaga, rudia mara tatu nne kabla hujachomeka kitu. Makumbi yaliyofuliwa shambani na hayakugusa bahari nayo yaoshe japo mara moja, maana yana chumvi zake za asili.

Masika ni kipindi kigumu, Machi mpaka Mei hewa imelowa muda wote na kopo likiwa nje mvua inalijaza. Sogeza chini ya paa, usimwagilie mpaka ukitumbukiza kidole mpaka fundo la kwanza uhisi pakavu. Rozmari na thaimu ningesubiri kipupwe, Juni hadi Agosti, joto limepungua na hewa ni kavu kidogo. Walioko Arusha, Lushoto au Nairobi hawana shida hii sana, kwao karibu mwaka mzima rozmari inakubali.

Kukiokoa inawezekana kama umewahi. Kata juu ya weusi mpaka ndani ya shina uone rangi nyeupe au kijani safi pande zote, kukiwa na hata mstari mwembamba wa kahawia katikati endelea kukata. Usirudishe kwenye maji yaleyale wala mchanga uleule, osha glasi kwa sabuni na jiki, suuza vizuri, anza upya. Kama weusi umeshafika kwenye majani, tupa, na uvitoe vya jirani yake uvikague.

Kuna vidudu vinacheza kwenye glasi

Vile vinavyojikunja na kujikunjua kwenye maji ni viluwiluwi vya mbu, na hili nalisema kwa uzito kuliko lile la kijiti kufa. Mbu anayeeneza dengi anaishi majumbani, anauma mchana, na anapenda hasa vyombo vidogo vyenye maji masafi yaliyotulia, yaani glasi yako ya nanaa dirishani. Dar ilishakumbwa na milipuko ya dengi, ule wa 2014 na ule wa 2019 watu wanaukumbuka, na kwenye joto letu yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku kumi.

Kumwaga maji peke yake hakutoshi, huyu mbu anabandika mayai kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi yakisubiri maji yarudi. Kila ukibadilisha maji sugua ukuta wa glasi kwa brashi au sponji. Funika mdomo wa glasi kwa foili, toboa matundu, pitisha vijiti kwenye matundu, mbu hapati pa kuingilia na vijiti vinasimama wima bila kuegemeana. Sahani ya chini ya kopo nayo imwage.

Vile vidogo vyeusi vinavyoruka ukitikisa kopo la udongo ni wengine, hao wanazaliana kwenye udongo unaolowana muda wote. Acha juu pakauke, tandika mchanga mkavu sentimita moja juu, wanapungua.

Kingo za majani zinakauka kahawia, katikati bado kijani

Kitako kizima, majani hayajalegea, lakini kingo zinaungua kuanzia nchani. Onja maji unayotumia. Visima vingi vya Dar, Mombasa na visiwani vina chumvi, unaweza kuwa umezoea kuyaogea na kufulia hata huisikii tena. Kijiti kisicho na mizizi hakina cha kuchuja, chumvi inapanda moja kwa moja mpaka kwenye kingo za majani inajikusanya hapo. Dalili nyingine ni utando mweupe mkavu unaoganda kwenye mdomo wa kopo.

Tumia maji ya mvua, ukikinga batini acha mvua ya kwanza ioshe vumbi kwanza, au ya bomba. Ya bomba yana dawa ya klorini, yaache kwenye ndoo wazi usiku mmoja ndo uyatumie. Kama huna ila ya kisima, tafuta japo lita tano za maji ya mvua kwa ajili ya vijiti tu, kijiti hakinywi maji mengi, mimea mikubwa iliyoshika mizizi inaweza kuvumilia zaidi. Rozmari inavumilia upepo wa bahari vizuri, mrehani hapana.

Mwezi umepita, kijani kibichi, na kimetoa hata jani jipya, ila hamna mizizi

Hili ndo lalamiko la rozmari kila siku. Na hilo jani jipya lisikupe moyo sana, kijiti kinaweza kuchipua kwa akiba iliyomo shinani bila kuwa na mzizi hata mmoja, halafu akiba ikiisha kinakauka chote kwa siku mbili. Kipimo cha kweli ni kukishika kwa vidole viwili ukakivuta kidogo sana kuelekea juu: kikikataa, kimeshika, kikija bila ubishi, bado.

Jirani yangu alikuwa anakata rozmari kwenye matawi ya chini, yale mazee yenye gome, akiona ni imara, anasema dada, haya yana nguvu hayawezi kulegea. Kweli hayalegei, na ndo shida yenyewe, yanakaa kijani hata miezi miwili bila kufanya lolote. Sehemu iliyoshakuwa mti inatoa mizizi kwa tabu. Ncha laini kabisa nayo inaoza. Unayoitaka iko katikati ya hapo: shika tawi lipinde, linapopindika bila kuvunjika na pale ngozi inapoanza kutoka kijani kwenda kahawia, hapo ndo kitako chako kiwe, juu yake uache ncha ya kijani. Hiyo ncha usiikate kabisa, majani machanga na ncha ndiko inakotengenezwa homoni ya mizizi, inashuka kwa shina mpaka kwenye kidonda inakusanyika hapo na kuchochea mizizi.

Kwa sababu homoni inashuka kwenda upande mmoja tu, kijiti kilichogeuzwa juu chini ni bure. Usicheke, rozmari ukishaikwangua majani yote mezani, vijiti kumi vimelala pamoja, ni rahisi sana kukosea. Kata kitako mshazari na juu acha majani yake, hutachanganya.

Maua nayo yanazuia. Tawi lenye ua au hata kichomozi cha ua, hasa mrehani, nguvu yake imeshaelekea kwenye mbegu. Chagua matawi yasiyo na maua, ukikosa kabisa nyofoa maua yote na ukate chini zaidi. Mrehani wa supamaketi uliotoka kwenye friji pia usiutegemee, mrehani haupendi baridi, chini ya nyuzi 10 hivi majani yanapata madoa meusi na shina linadhoofika kabla hata halijafika kwako. Ule anaouza mama sokoni asubuhi, wa kusokotea vikuba, ni mzuri zaidi kwa kazi hii.

Homoni ya unga inauzwa maduka ya pembejeo na kwa rozmari na seji inasaidia. Mimina kidogo pembeni, usichovye kwenye kopo zima, gusisha kitako tu, kung'uta, ukizidisha inazuia badala ya kusaidia. Soma lebo, nyingine zimeandikiwa mimea ya maua tu na hii unataka kuila. Nanaa na mrehani hazihitaji, ni kupoteza hela. Mdalasini watu wanausifia sana, lakini hauoteshi mizizi, kama rozmari yako imekaa mwezi bila kitu angalia umri wa tawi kwanza.

Kama tawi lilikuwa sahihi, mchanga hautuami na kitako kina ule uvimbe mweupe, rudisha na uniamini, acha wiki tatu nne nyingine.

Mizizi ilijaa kwenye glasi, nimepanda kwenye udongo imekufa

Mizizi iliyoota kwenye maji ni miepesi, inavunjika haraka na imezoea kupata maji bila kutafuta. Ukiichelewesha mpaka imezunguka glasi nzima ndo mbaya zaidi, watu wanafurahia kuiona inavyopendeza wanaiacha mwezi, ikiingia kwenye udongo inashtuka. Hamisha ikifika sentimita mbili mpaka tano.

Chimba shimo kwa kidole, ingiza, jazia udongo mwepesi taratibu bila kukandamiza, mwagia maji ya kutosha udongo ujishikishe wenyewe kwenye mizizi. Wiki ya kwanza udongo uwe na unyevu muda wote, zaidi ya mmea wa kawaida, kivulini, hata chupa ya kufunika irudi siku mbili tatu. Wiki ya pili punguza maji na usogeze kwenye mwanga, jua la saa nne asubuhi kwanza, siyo la mchana. Panda jioni. Mbolea subiri mpaka uone majani mapya mawili matatu.

Ikilegea mchana halafu jioni ikasimama yenyewe, iko sawa, inajifunza. Ikilegea asubuhi kabla ya jua, fukua uangalie mizizi.

Mchaichai haukui

Huu hauna kifundo cha kukata. Unaota kwenye kile kitako kigumu cha chini kabisa, na sokoni mara nyingi wameshakikata ili mafungu yapendeze, bua lililobaki utaliweka maji mwaka mzima litatoa majani kidogo bila mzizi. Chagua mabua yenye kitako kigumu cha mviringo, hata kama kina vimizizi vikavu, kata majani yabaki kama shubiri moja, maji sentimita mbili tatu. Wiki moja mpaka tatu. Ukiwa na jirani mwenye shina lake, mwombe akupasulie kipande chenye mizizi tayari, ni haraka zaidi.

Kijiti kimepona, majani yana madoa

Hapa kosa liko kwa mmea mama. Nanaa yenye vipele vya rangi ya chungwa chini ya majani ina ugonjwa wa kutu, usikate vijiti hapo hata kama ni ya bure. Mrehani ukiona njano inayofuata mipaka ya mishipa juu ya jani, geuza jani: ukikuta utando wa kijivu wa zambarau chini yake, ni ukungu unaoitwa Peronospora belbahrii, ulioripotiwa Uganda tangu miaka ya 1930 na leo uko mabara mengi. Ng'oa, tupa mbali, na vijiti vipya vitoe kwa mama mwingine, vipange mbalimbali na umwagilie udongo, siyo majani.

Mrehani hata ukiwa mzima haukai miaka, ukishatoa maua mengi shina linakuwa gumu na majani yanadogoka mpaka unakauka. Kabla haujafika huko, kila ukichuma vya mboga chagua ncha mbili zisizo na maua uzichomeke, wa zamani ukichoka unakuta mwingine umeshashika.